Wa Mwisho Kuingia Uwanjani: Tafakari juu ya Tarehe 20 Oktoba 1968



Wapendwa Taifa la Mungu, Mama Kanisa ana namna yake ya kuhesabu siku. Katika kalenda ya liturujia, watakatifu walio wengi hukumbukwa tarehe waliyoaga dunia, wala si tarehe waliyozaliwa. Kuzaliwa kunakoadhimishwa kiliturujia ni kwa watatu tu: Bwana wetu Yesu Kristo, Bikira Maria Mama yake, na Yohane Mbatizaji aliyemtangulia. Wakristo wa karne za kwanza waliiita siku ya kifo cha shahidi siku yake ya kuzaliwa, yaani kuzaliwa kwa ajili ya mbingu, nao walikusanyika kaburini pake kila mwaka ilipofika tarehe ile. Walijua walichokuwa wakikifanya. Kuanza ni jambo jema, lakini kuanza peke yake hakuthibitishi kitu bado.

Ulimwengu wa michezo nao unayo kalenda yake, na baadhi yetu tunaifahamu kuliko tunavyoifahamu ile ya Kanisa. Tarehe 2 Februari 1974, siku ya Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, Mtanzania Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1500 mjini Christchurch, New Zealand, tangu mlio wa bastola hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Tarehe 10 Septemba 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Roma bila viatu, akamaliza wa kwanza usiku penye Tao la Konstantino, naye akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Olimpiki. Tarehe 15 Septemba 2025, siku ya kumbukumbu ya Bikira Maria Mama wa Mateso, ndugu yetu Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ilibidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya riadha ya dunia.

Kalenda hiyo, kama tuonavyo, ni kalenda ya washindi, wala hatuna neno la kuwapunguzia heshima yao. Lakini imo ndani yake tarehe moja ambayo dunia imeendelea kuikumbuka kwa sababu ya mtu aliyemaliza wa mwisho. Mtu huyo alitoka kwetu. Mwezi huu wa Oktoba, mwezi wa Rozari Takatifu na wa misioni, tumeona vema tuitafakari tarehe hiyo pamoja nanyi.

Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika katika Jiji la Mexico, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa michezo hiyo kuandaliwa katika Amerika ya Kilatini. Jiji hilo liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2240 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na pumzi huisha upesi. Michezo ilifunguliwa tarehe 12 Oktoba, siku kumi tu baada ya askari kuwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana katika uwanja wa Tlatelolco katika jiji hilohilo, na wengi wakapoteza maisha. Ni vema kulikumbuka jambo hilo, ili tusije tukadhani kwamba michezo hufanyika katika ulimwengu mwingine usio na machozi.

Marathoni ilikimbiwa alasiri ya tarehe 20 Oktoba. Tarehe hiyo ilikuwa Dominika. Tena haikuwa Dominika yoyote tu: tangu mwaka 1926, Papa Pio XI alipoiweka, Dominika inayotangulia ile ya mwisho ya Oktoba ni Dominika ya Kimisionari ulimwenguni kote, na mwaka 1968 iliangukia tarehe 20. Parokia zetu, kubwa kwa ndogo, zilikuwa zikiwaombea siku hiyo watu waliotumwa mbali. Na wakimbiaji 75 walikusanyika katika uwanja mkuu wa Jiji la Mexico, mbele ya Kanisa Kuu la jimbo, kusubiri bastola ilie. Mmoja wao alikuwa ametumwa kutoka Tanzania, nchi ambayo tangu Muungano ilikuwa na umri wa miaka minne na nusu tu. Jina lake John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, mwenye umri wa miaka thelathini hivi.

Kabla ya kumsimulia yeye, tutazame wengine watatu waliokimbia siku ileile. Habari ya mmoja bila ya wenzake inaweza kutupotosha.

Wa kwanza ni Kipchoge Keino wa Kenya. Yeye hakukimbia marathoni bali mita 1500. Alikuwa mgonjwa wa nyongo, na maumivu yalikuwa makali. Wiki moja kabla, tarehe 13 Oktoba, alianguka kando ya njia katika mbio za mita 10,000 zikiwa zimekaribia kwisha. Alinyanyuka akamalizia mbio ingawa alikwisha kuondolewa mashindanoni kwa kutoka nje ya njia. Tarehe 17 alipata medali ya fedha katika mita 5000. Madaktari walimshauri asikimbie tena. Inasimuliwa kwamba tarehe 20 basi alilopanda lilikwama katika msongamano wa magari, akashuka na kwenda kwa miguu mbio hadi uwanjani. Hapo akamshinda Mmarekani Jim Ryun, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia, kwa kumwacha mita zipatazo 20, katika muda wa dakika 3 na sekunde 34.9. Baadaye Keino na mkewe Phyllis waliwalea watoto yatima wengi nyumbani kwao Eldoret. Huyu ni mtu aliyeteseka, akavumilia, akashinda. Tunawapenda watu wa namna hii kwa urahisi, kwani habari zao huisha tunavyotaka.

Wa pili ni Mamo Wolde wa Ethiopia, mwenye umri wa miaka 36, ambaye wiki ileile alikwisha kupata medali ya fedha katika mita 10,000. Yeye ndiye aliyeshinda marathoni kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26, akimwacha Mjapani Kenji Kimihara kwa dakika tatu. Ushindi wake ulikuwa halali na mkubwa. Lakini tazameni yaliyofuata. Mwaka 1993 Wolde alikamatwa kwao kwa tuhuma za kuhusika na mauaji ya wakati wa utawala wa kijeshi; alikaa gerezani miaka mingi bila hukumu, na ilipotolewa mwanzoni mwa mwaka 2002 alipewa kifungo cha miaka sita ambacho alikwisha kukipita, akaachiwa. Akafariki mwezi Mei mwaka huohuo. Hatuko hapa kumhukumu. Yuko mbele ya Hakimu aijuaye kweli yote. Tunasema tu kwamba medali ya dhahabu haimalizi habari ya mtu. Utepe ule ulikuwa mwisho wa mbio moja. Mbio nyingine, iliyo ndefu zaidi, ilikuwa bado inaendelea.

Wa tatu ni Abebe Bikila, yuleyule wa Roma. Baada ya mwaka 1960 alishinda tena Tokyo mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, na mwaka 1968 alikuja Mexico kutafuta ushindi wa tatu mfululizo. Lakini mguu wake ulikuwa umeumia. Alikimbia nao kilometa zipatazo 17, kisha akatoka barabarani. Bingwa mkuu kuliko wote wa siku hizo hakumaliza. Mwaka uliofuata alipata ajali ya gari, akapooza miguu, na hata hivyo akiwa katika kiti cha magurudumu alishiriki mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41.

Sasa twende kwa wa nne. Mwinuko wa Mexico ulimletea Akhwari mkakamao wa misuli. Ilipofikia kama kilometa ya 19, katika kusukumana kwa wakimbiaji waliokuwa wakigombea nafasi, alianguka. Goti lake lilichanika na kuteguka, na bega lake likagonga barabara kwa nguvu. Alifungwa bandeji. Tangu hapo zilikuwa zimebaki kilometa zaidi ya 20, nyingi kuliko alizokwisha kukimbia. Alisimama, akaendelea: mara akikimbia, mara akitembea, mara akichechemea.

Wakimbiaji 18 kati ya wale 75 hawakumaliza siku ile. Wolde alikwisha kuwasili, akapongezwa, akavishwa medali. Jua lilizama. Watu wakaanza kwenda zao, na katika uwanja ule mkubwa wakabaki elfu chache tu. Ndipo habari zilipofika kwamba yuko mmoja bado barabarani. Akaingia akisindikizwa na pikipiki za polisi, bandeji ikimning'inia mguuni, akauzunguka uwanja kwa maumivu ambayo kila aliyekuwepo aliweza kuyaona. Watu waliokuwa wamekwisha kuinuka walisimama, wakaanza kupiga makofi. Aliandikiwa nafasi ya 57, ya mwisho, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa nyuma ya mshindi kwa zaidi ya saa nzima.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilienea duniani kote: nchi yake haikumtuma umbali ule wote ili aanze mbio, ilimtuma akazimalize.

Wapendwa, tulipime jibu hilo polepole. Hakusema kwamba yeye ni shujaa. Hakusema kwamba alitaka kuwaonyesha watu nguvu zake. Sababu aliyoitoa ilikuwa nje yake: kuna waliomtuma. Mtu aliyejituma mwenyewe anaweza pia kujiruhusu mwenyewe kurudi. Mtu aliyetumwa anabeba matumaini ya wengine, na kwa hiyo mguu wake mbovu si mali yake peke yake. Huo ndio moyo wa misioni. Hatudhani kwamba alikuwa na kalenda ya liturujia mkononi alipolitoa jibu hilo. Lakini jioni ya Dominika ya Kimisionari, mtoto wa Mbulu alieleza kwa maneno machache maana ya kutumwa, akaieleza vizuri kuliko mahubiri mengi.

Tusije tukadhani pia kwamba alikuwa wa mwisho kwa sababu hakuwa na uwezo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa tano kwa saa 2 na dakika 15 hivi. Alikuwa mkimbiaji hasa. Serikali ilimtunuku nishani ya ushujaa mwaka 1983, miaka 15 baada ya siku ile, na mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa waliobeba mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa shambani kwao Mbulu, pamoja na familia yake. Heshima ilikuja taratibu, kama alivyoingia yeye uwanjani.

Mtume Paulo alizifahamu mbio. Aliwaandikia Wakorinto, ambao mji wao ulikuwa jirani na Istimia palipofanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, akiwakumbusha jinsi wanariadha wanavyojinyima kila kitu kwa ajili ya taji la majani linalonyauka (1Kor 9:24-27). Alipokuwa mzee, kifungoni, akikiona kifo kinamjia, alirudia mfano uleule (2Tim 4:7). Na tutazame anachojivunia hapo: hasemi kwamba aliwapita wengine, anasema kwamba mwendo ameumaliza na imani ameilinda. Kati ya barua ile ya kwanza na hii ya pili imepita miaka ya viboko, merikebu kuvunjika, njaa na kusalitiwa na ndugu. Kijana anaongea juu ya taji. Mzee anaongea juu ya kumaliza.

Naye mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anatuchorea uwanja mzima: sisi tuko njiani tunakimbia, mashahidi waliotutangulia wametuzunguka kama wingu, na macho yetu yanaelekezwa kwa Yesu (Ebr 12:1-2). Watazamaji katika uwanja huo hawaendi nyumbani baada ya mshindi kupewa zawadi. Jambo hili tunaliona kuwa la faraja kubwa. Katika ushirika wa watakatifu hakuna anayeingia na kukuta viti vitupu.

Lakini hapa tunapaswa kuwa waangalifu, kwa maana hadithi nzuri inaweza kutumiwa vibaya. Tunafahamu kwamba habari za uvumilivu hugeuzwa fimbo ya kuwachapia walioanguka. Tusiitumie hivyo habari ya Akhwari. Siku ile ileile, Bikila alitoka barabarani, wala hapana mtu mwenye akili anayeweza kumwita Bikila mtu dhaifu. Wale 18 wasiomaliza kila mmoja alikuwa na mwili wake na sababu yake. Kanisa ni mama wa watu 57 waliomaliza, na ni mama vilevile wa wale 18.

Tuseme wazi zaidi. Hatuwezi kumwambia mama anayepigwa nyumbani mwake kwamba kuvumilia kipigo ndiko kumaliza mwendo. Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi ambaye roho yake au mwili wake, au wa watoto, uko katika hatari kubwa kutengana na yule anayemtia hatarini. Mama huyo hakuvunja ahadi. Aliyeivunja ni aliyeinua mkono. Anayeokoa maisha yake na ya wanawe bado yuko mbioni, na Jumuiya Ndogo Ndogo inayomnyoshea kidole wakati anapoondoka itaulizwa siku moja ilikuwa wapi alipokuwa akilia. Vivyo hivyo kijana aliyetoka seminari baada ya kupambanua kwa unyofu kwamba hakuitwa huko: hakuacha mbio, aligundua tu kwamba njia yake ni nyingine. Wazazi wasimfiche kama aibu ya ukoo.

Mwendo ambao hatuna ruhusa ya kuuacha ni mmoja tu, nao ni ule tulioanzishiwa siku ya Ubatizo wetu. Katika huo sote tumetumwa. Na katika huo wengi wetu tunaanguka si mwanzoni, watu wanaposhangilia, bali katikati, kwenye kilometa ya 19, mahali pasipo na picha wala ngoma. Siku ya Komunyo ya Kwanza kanisa hujaa, nguo nyeupe zinang'aa. Miaka mitatu baadaye watoto walewale wako wapi? Siku ya harusi kamati ina wajumbe thelathini na bajeti ndefu. Mwaka wa kumi na mbili, ugonjwa unapoingia nyumbani na mshahara ukakatika, ni nani katika kamati ile anayepita kuwajulia hali? Ujenzi wa kanisa huanza kwa harambee na vigelegele, kisha nguzo zinaota majani kama mnara wa yule mtu wa Injili asiyekaa kwanza akahesabu gharama (Lk 14:28-30). Tunajua kuanza. Tumekuwa mabingwa wa kuanza.

Wakati huohuo, wako miongoni mwetu watu wanaomaliza gizani bila mtu wa kuwapigia makofi. Yuko mzee anayemhudumia mkewe aliyepooza mwaka wa saba sasa, anayempikia uji asubuhi na kumgeuza kitandani usiku. Yuko katekista wa kigango cha mbali ambaye baiskeli yake imechakaa na posho yake haifiki, na bado kila Dominika kengele ya kigango inalia. Yuko mjane anayesomesha watoto wanne kwa kuuza maandazi. Hao hawako katika nafasi ya kwanza ya kitu chochote. Tungependa parokia yetu iwe kama wale elfu chache waliobaki uwanjani jioni ile: watu ambao hawakwenda nyumbani mapema, na kwa hiyo walikuwepo aliyestahili makofi alipoingia.

Huenda msomaji makini ameuliza kimoyomoyo: mbio siku ya Dominika, hilo halina neno? Swali ni la haki. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924, Mskoti Eric Liddell, Mkristo wa Kiprotestanti, alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo uliwekwa siku ya Dominika, tarehe 6 Julai. Alijua hivyo miezi kadhaa kabla, akajizoeza mita 400 badala yake, na siku ya Ijumaa tarehe 11 Julai akashinda dhahabu kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.6. Kisha akaacha umaarufu wote, akaenda China kuwa mmisionari, akafia katika kambi ya wafungwa ya Wajapani tarehe 21 Februari 1945. Kanisa Katoliki halikatazi michezo siku ya Bwana. Linadai Misa Takatifu, pumziko na muda wa familia vipewe nafasi yake ya kwanza, nalo linaturuhusu kutimiza wajibu huo kwa Misa ya Jumamosi jioni. Lakini dhamiri ya Liddell inatuuliza swali tusiloweza kulikwepa. Tukipanga bonanza la vijana saa mbili asubuhi ya Dominika, tumewafundisha nini juu ya kile kinachotangulia? Tunawaomba viongozi wa vijana na walimu wa michezo waliopo parokiani walizungumze jambo hili kwa utulivu na kupanga saa zisizogongana na Ibada. Uwanja utakuwepo mchana.

Mababa Watakatifu wameipenda michezo. Katika Jubilei Kuu, tarehe 29 Oktoba 2000, Papa Yohane Paulo II aliadhimisha Misa katika Uwanja wa Olimpiki wa Roma kwa ajili ya wanamichezo. Na katika Jubilei ya mwaka 2025, tarehe 15 Juni, Papa Leo XIV aliwakumbusha wanamichezo kwamba katika ulimwengu unaowathamini wenye nguvu na washindi peke yao, michezo hutufundisha pia kushindwa. Neno hilo tulipokee kwa uzito. Mtoto ambaye hajafundishwa kushindwa ataogopa kujaribu, au atajifunza kuiba. Wazazi mnaowapima watoto wenu kwa nafasi darasani, kwa matokeo ya kidato cha nne peke yake, tunawasihi mwangalie tena. Mtoto aliyekuwa wa 57 anaweza kuwa ndiye aliyekimbia akiwa na goti lililoteguka, nanyi hamkuliona.

Hata hivyo tusijidanganye kwa faraja nyepesi. Akhwari hakugeuka kuwa wa kwanza. Wolde ndiye aliyeshinda, na hesabu za saa zilibaki zilivyo. Tunapousoma mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu (Mt 20:1-16), hatuambiwi kwamba wale wa saa kumi na moja walifanya kazi nyingi kuliko wale wa asubuhi. Tunaambiwa kwamba mwenye shamba ni mwema. Tumaini letu halikujengwa juu ya wazo kwamba kushindwa ni kushinda. Limejengwa juu ya Mungu ambaye hafungi mlango jua linapozama.

Yeye mwenyewe, katika Mwanae, aliijua barabara hiyo. Kila Ijumaa ya Kwaresima tunapofanya Njia ya Msalaba tunapiga magoti katika vituo vya tatu, cha saba na cha tisa, kumkumbuka Bwana akianguka. Mapokeo ya Kanisa yalituwekea maanguko matatu katika ibada moja, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba kuanguka mara ya pili kumemtenga naye. Umati ulikuwa umemwacha. Wanafunzi walikuwa wamekimbia. Akasimama, akaendelea mpaka juu kilimani, na katika Injili ya Yohane jambo la mwisho analolitangaza kabla ya kuinamisha kichwa ni kwamba kazi imekamilika (Yn 19:30). Na waliokuwepo kumwona akimaliza walikuwa wachache sana: Mama yake, wanawake kadhaa, na mwanafunzi mmoja. Walikuwa wamebaki.

Basi, wapendwa, Dominika ya Kimisionari ya mwaka huu tutakapotoa sadaka zetu na kusali kwa ajili ya waliotumwa mbali, tumtaje kila mmoja wetu mtu mmoja anayemfahamu ambaye bado yuko barabarani na giza limeingia. Kisha, baada ya Misa, twende kwake. Tusiende na hotuba. Uji wa moto au kilo ya sukari na nusu saa ya kukaa naye vyatosha. Na wewe ambaye ndiwe huyo uliye barabarani, unayesoma haya ukiwa umechoka, tunakusihi: endelea hata kwa kuchechemea. Aliyekutuma yuko macho, na taa za uwanja wake hazijazimwa.

Bikira Maria, Malkia wa Wamisionari, atuombee. Mwenyezi Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.